Mizani, bakuli la kina na tupa: vitu ninavyotumia kumlea kuku mwenye mdomo uliopishana

Nina tetea mmoja anaitwa Mkasi. Jina alipewa na binti yangu siku alipouangalia mdomo wake vizuri akaona wa juu unaenda kushoto na wa chini unaenda kulia, hauwezi kufunga, kama mkasi ulioachwa wazi mezani. Huu mwezi wa tisa namlea na katika hiyo miezi nimenunua vitu vingi jamani, vingine vimemuokoa kweli na vingine viko kabatini mpaka leo, na kila nilipouliza watu kifaa gani kinafaa kuku wa namna hii jibu lilikuwa moja tu, mchinje. Sikumchinja. Anakula, anataga mara mojamoja, anaoga vumbi na wenzake. Kwahiyo naandika nilichokitumia kipi kimefaa kipi hakijafaa, ili mwingine asipoteze miezi kama mimi.

Kwa ambaye hajawahi kuona hiki kitu: kifaranga anaweza kutoka kwenye yai mzima kabisa, alafu wiki ya pili ya tatu unaona ncha za mdomo hazikutani vizuri, na kichwa kinavyokua ndo zinavyozidi kuachana. Inaweza kuwa ya kurithi, inaweza kuwa joto la kutotoleshea halikuwa sawa, wazazi kukosa virutubisho, au kuumia tu akiwa mdogo. Kwa vile kurithi kupo, mayai ya Mkasi hatutotoleshi, hilo tulikubaliana nyumbani mapema.

Kitu cha kwanza nilinunua ni chombo cha kulia, na hapo nilikosea. Nilichukua bakuli la plastiki, pana, zuri la rangi, kina chake kama vidole viwili. Sasa ebu angalia kuku mzima anavyokula. Anadonoa, yaani anaibana punje kwa ncha mbili za mdomo, anarusha kichwa kidogo, anameza. Mkasi hana pa kubania, zile ncha hazikutani. Yeye anachota, anazamisha mdomo wa chini kama koleo alafu anainua na kutikisa mpaka chakula kiteleze nyuma kwenye ulimi. Kwenye bakuli la kina kifupi koleo inagonga chini kabla haijajaa. Anasukuma chakula mpaka ukingoni, kinamwagika, anakifuata chini kwenye maranda na kule chini ndo hawezi kuokota hata kidogo.

Mimi sikuliona hilo. Nilichoona ni kuku yuko kwenye bakuli asubuhi, yuko kwenye bakuli mchana, yuko kwenye bakuli jioni, nikawa nafurahi, nasema huyu anakula kuliko wote. Siku moja usiku nikamtoa kichanjani kumpeleka ndani sababu ya mvua na mikono yangu ikashtuka. Alikuwa mwepesi kama kofia. Nikaingiza vidole chini ya manyoya kifuani, mfupa wa kidari umechongoka kama kisu, nyama ya pembeni haipo. Manyoya ya kuku yanaficha sana, kuku akiwa na manyoya yote anaonekana amejaa hata kama ndani amebaki mifupa. Yule alikuwa anashinda kwenye bakuli kwa sababu alikuwa hashibi.

Kesho yake ndo nikanunua mizani, na ndo kitu ninachotaka kukiongelea zaidi kuliko vyote. Sio mizani ya mifugo, ni ile ya kawaida ya jikoni ya dijitali, mwisho kilo 5, inasoma gramu mojamoja, inatumia betri mbili ndogo. Ukiniuliza kuku mwenye mdomo uliopishana anunuliwe nini kwanza nitakwambia mizani kabla ya bakuli, kabla ya vitamini, kabla ya chochote, kwa sababu bila mizani huwezi kujua hivyo vingine kama vinafanya kazi.

Siku ya kwanza Mkasi alisoma gramu 1,180. Dada yake wa uzao uleule, kundi lilelile, chakula kilekile, gramu 1,710. Nilikaa chini.

Jinsi ya kumpima: nachukua beseni, naweka taulo ndani, naliweka kwenye mizani, nabonyeza kile kitufe cha kurudisha sifuri, alafu namweka kuku ndani na kumfunika na pembe ya taulo kichwani. Akiwa gizani anatulia, unapata sekunde tano sita za namba isiyocheza na zinatosha. Pima asubuhi kabla hajala. Hii ni muhimu maana gole, ule mfuko wa chakula ulioko chini ya shingo upande wa kulia wa kifua, ukijaa unaongeza gramu nyingi, ukipima leo asubuhi na kesho jioni utajidanganya kanenepa. Asubuhi gole linatakiwa liwe tupu, na ukilikuta bado limejaa asubuhi hilo ni tatizo lingine la kumpeleka kwa daktari wa mifugo.

Kuna mtu alinishauri mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, unamweka kuku kwenye mfuko unamtundika. Niliazima nikajaribu mara mbili nikarudisha, namba inayumba muda wote na kuku anahangaika kwenye mfuko, na huyu anahemea mdomo wazi tayari kwahiyo sitaki kumbana.

Sasa nikaanza kuandika kwenye daftari kila asubuhi. Siku nne za bakuli la plastiki zilimtoa gramu 22. Nikabadilisha, nikachukua bakuli la chuma kisichoshika kutu lenye klipu ya kubana kwenye waya, kina kama sentimita 10, nikajaza chakula mpaka sentimita 7 hivi. Siku nne, gramu 9 juu. Nilifurahi lakini gramu 9 kwa kuku aliyepungukiwa nusu kilo ni kidogo mno, kwahiyo nikaona nipime na chakula chenyewe. Naweka gramu 130 za chakula kikavu bakulini, natandika sinia pana chini, namwacha ale, alafu napima kilichobaki bakulini na kilichoanguka kwenye sinia. Kilichoanguka: 51. Kilichobaki: 26. Maana yake mwilini mwake kwa siku nzima ziliingia gramu 53, wakati kuku wa mayai mkubwa anakula kama gramu 100 mpaka 130. Hapo ndo nikaelewa ninachopigana nacho ni nini, na hakuna macho yangeniambia hiyo, ni mizani tu.

Nikaanza kulowanisha chakula. Chakula cha ungaunga, sio cha punje ngumu, unatia maji ya uvuguvugu mpaka kiwe kama matope mazito yanayoshikana ukibonyeza lakini hayatiririki. Koleo ya Mkasi ikiingia pale inatoka na donge. Kilichoanguka kikashuka mpaka kidogo sana. Bei yake ni usafi: chakula kilicholowa kwenye joto kinachacha haraka, mimi baada ya saa mbili naondoa na kumwaga hata kama kimebaki kingi, na chochote kilichoota ukungu hakiingii bandani kabisa, ukungu wa chakula una sumu na kuku anakufa nayo. Na hapo bakuli la chuma linashinda tena, linasuguliwa likawa jipya, la plastiki lilishajichubua likawa linabaki na harufu hata baada ya sabuni.

Kuhusu bakuli lenyewe niseme na hili, ukinunua angalia upana. Likiwa jembamba sana upanga wa kichwani unagusa ukingo na kuku hataki kuingiza kichwa, likiwa pana sana anapanda ndani anasimama humo. La kwangu upana ni kama kiganja kilichofunguliwa. Klipu nimeibana kwenye urefu wa kifua chake ili achote kwa kwenda mbele badala ya kuinama. Klipu ya kwanza ililegea mwezi wa pili, nimeifunga na waya.

Alafu kuna wenzake. Chakula kilicholowa wote wanakitaka, na kuku mzima anamaliza kwa dakika tatu kile ambacho Mkasi anahitaji nusu saa. Yeye ni wa mwisho kwenye ngazi ya kundi, akidonolewa mara moja anaondoka. Kumtenga peke yake nilijaribu siku mbili akawa analia tu na hataki kula, kuku hapendi upweke. Kilichofanya kazi ni kipande cha waya kwenye kona ya banda chenye mlango mdogo, anaingia mara tatu kwa siku, nusu saa nusu saa, wenzake anawaona na kuwasikia lakini hawamfikii. Wiki mbili za hivyo: gramu 94 juu. Nimeizungushia duara hiyo namba kwenye daftari.

Sasa twende kwenye tupa, maana watu wengi wanafikiri kumlea kuku wa hivi ni kukata mdomo basi.

Mdomo wa kuku nje ni kitu kama ukucha, keratini, unakua siku zote. Kuku mzima anausaga mwenyewe kwa kudonoa na kufuta chini. Wa Mkasi haukutani na kitu kwahiyo unarefuka, wa chini hasa, ukiachwa unakuwa kama kisu kimejikunja na kumzuia kabisa. Lakini ndani ya ule ukucha kuna mfupa, kuna damu na kuna mishipa ya fahamu, anasikia maumivu. Nilianza na mkasi wa kucha za mbwa. Usinunue kwa kazi hii, au kama unao acha kwenye kucha za miguu. Ulibana, mdomo ukapasuka kwa urefu badala ya kukatika, ikatoka damu. Nilibonyeza na wanga wa mahindi kwenye pamba dakika kadhaa ikakata, lakini Mkasi alikaa siku mbili hataki bakuli na mizani ikaniandikia, gramu 31 chini. Hiyo nimeibeba moyoni.

Baada ya hapo nikanunua vitu viwili. Kimoja tupa ya kucha ya kioo, ile ya watu. Kingine kimashine kidogo cha kusagia kucha za wanyama kinachozunguka, cha kuchaji. Kimashine ni kizuri kwa mdomo uliorefuka sana, kazi ya dakika kumi inakuwa ya dakika mbili. Lakini kina joto, ukikishikilia sehemu moja keratini inapata moto na unasikia harufu kama ya nywele zinaungua, kwahiyo ni kugusa sekunde mbili, kuacha, kugusa, kuacha. Vumbi linaruka kwenye macho na puani, namfunika macho na kitambaa. Na mlio wake, siku ya kwanza alishtuka sana, ikabidi niwe nakiwasha tu bila kumgusa siku tatu nne huku anakula ili azoee. Kasi ya kwanza inatosha, hizo nyingine mbili sijawahi kuzihitaji. Chaji inakaa vizuri, sina lalamiko.

Ila tupa ya kioo ndo ninayoitumia kila wiki. Haina mlio, haina joto, unasugua ncha kidogo kila mara badala ya kusubiri ikue ndo uanze vita. Kabla ya kugusa washa tochi nyuma ya mdomo, kuku mwenye mdomo mweupe utaona kabisa pale rangi ya waridi inapoishia, unabaki nje ya hapo, ncha tu. Mwenye mdomo mweusi huoni, basi unaenda kidogokidogo sana. Akianza kuvuta kichwa ghafla umekaribia, acha. Wakati wa kumshika mfunge na taulo lakini usimbane kifua, kuku hana kiwambo cha kuvutia pumzi kama sisi, anapumua kwa kifua kupanda na kushuka, ukimbana kifua umemziba pumzi hata kama pua ziko wazi.

Na msijaribu kuunyoosha. Nimeona watu wanauvuta kwa vidole, wanaufunga na raba. Kwa kuku mkubwa sio ncha tu iliyopinda, mifupa ya fuvu na taya imekua hivyo. Unapunguza urefu ili achote vizuri, basi. Niliwahi kuweka na jiwe la kunolea bandani nikitegemea ajisugue. Wenzake wanalitumia sana, yeye mdomo unateleza tu pembeni.

Chuchu za maji, zile za chuma zinazotoa tone kuku akigusa, kwa kundi zima nazipenda, maji yanakaa safi. Kwa Mkasi hapana. Anagonga pembeni, tone linadondoka nje. Nilimwekea kopo la maji la kina anakozamisha mdomo mpaka puani karibu, na hapa tena mizani inasaidia maana gramu moja ya maji ni mililita moja, unapima kopo asubuhi na jioni unajua kanywa kiasi gani. Kuku anakunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, kwenye joto zaidi. Maji ya kopo lake yanachafuka haraka kwa sababu chakula kinatoka mdomoni, nabadilisha mara tatu nne kwa siku.

Sirinji bila sindano nilinunua pakiti nzima kwa ajili ya kumnywesha, na nyingi ziko kwenye pakiti bado. Tundu la pumzi la kuku liko nyuma tu ya ulimi, ukimpulizia maji mdomoni yanaingia kwenye mapafu na unaweza kumpoteza hapohapo mkononi. Kama ni lazima, weka tone pembeni ya mdomo avute mwenyewe, tone lingine, tone lingine. Nilizitumia kipindi alipopukutisha manyoya, akawa mnyonge, matone ya vitamini juu ya chakula zaidi kuliko mdomoni. Zaidi ya hapo chakula kwenye bakuli kinashinda chakula cha sirinji kila mara.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni utitiri na chawa. Kuku mzima anashinda anajichambua manyoya kwa mdomo, anatoa mafuta kwenye tezi ya juu ya mkia anapaka, anatoa wadudu. Mkasi hawezi. Mwezi wa tatu nilimgeuza nikakuta chini ya mkia kumejaa, mayai ya chawa yamegandia kwenye mashina ya manyoya kama chumvi. Uzito ulikuwa umesimama wiki nzima sijui kwanini, na wenzake hawakuwa na wadudu wengi hivyo. Sasa kila Jumapili namkagua chini ya mabawa, chini ya mkia, na kichwani, na usiku mmojammoja napita na tochi kwenye nyufa za vichanja maana kuna utitiri mwekundu unajificha kwenye mbao mchana na kupanda kuku usiku. Nilinunua brashi laini ya nywele za mtoto mchanga, hiyo ni nzuri sana, namchana makombo yaliyokauka kifuani na ananyoosha shingo mwenyewe. Unga wa kupuliza wadudu nilinunua nikaacha, anahemea mdomo wazi muda wote na vumbi lile laini sitaki liende kifuani. Tulitumia dawa ya matone aliyoelekeza daktari wa mifugo, na nilimuuliza siku za kuacha kula mayai yake, nanyi mkipewa dawa yoyote ulizeni hivyo.

Mdomoni mwenyewe pia kunahitaji kuangaliwa. Kuna ule mpasuko kwenye kaakaa, chakula kilicholowa kinajikusanya pale na kukauka. Namfungua taratibu mara mbili kwa wiki na kijiti cha pamba kilicholowa, nasafisha. Ulimi pia unakauka kwa sababu hewa inaupiga muda wote.

Mizani ile ile imenisaidia na wengine. Tulipata kifaranga ambaye miguu ilitanuka kila mmoja upande wake, hawezi kusimama, amelala tumbo kama chura. Mara nyingi hii inatoka kwenye sakafu inayoteleza, gazeti kwa mfano, sisi tulikuwa tumetandika gazeti. Nilinunua bandeji ile inayojigandisha yenyewe kwa yenyewe, haina gundi, na ni nzuri sana, nikakata kipande chembamba nikafunga miguu kama pingu kwa upana wa kawaida wa kusimama, nikatandika mpira wenye mikwaruzo. Ilibidi nifungue na kufunga kila siku kwa sababu kifaranga anakua haraka na bandeji inabana. Siku ya nne alisimama. Hii inafanya kazi siku za mwanzomwanzo za maisha, ukichelewa mifupa ishakomaa. Alianza na gramu 36 na kwa kifaranga mdogo hivyo gramu mbili tatu kwa siku ndo habari yote, ukiwa na mizani isiyosoma gramu mojamoja huoni kitu. Roli moja ya bandeji bado ninayo, kata vipande vyembamba itakaa miaka.

Vidole vilivyokunjika ngumi kwa vifaranga ni habari nyingine, mara nyingi ni upungufu wa vitamini B2, hapo chakula kwanza. Na shingo ikipinda kichwa kikaangalia juu au nyuma, inaweza kuwa upungufu wa vitamini E au B1, inaweza kuwa kapigwa kichwani, lakini na ugonjwa wa mdondo (Newcastle) unafanya hivyohivyo, kwahiyo tenga na wengine na mwite daktari kabla hujanunua chochote.

Tuna na bibi mmoja, kuku mzee aliyepofuka macho yote mawili. Kwake bakuli la chuma limekuwa zuri kwa sababu nyingine kabisa, nikiligonga na kijiko mara mbili anakuja moja kwa moja. Bakuli halihamishwi, kopo halihamishwi, na kichanja chake kimeshushwa mpaka karibu na chini. La plastiki lisingelia.

Nirudi kwenye mizani kwa sababu ina kasoro zake na nisingependa mtu anunue kwa maneno yangu alafu akakutana nazo. Kwanza kioo cha namba kiko mbele chini kabisa, ukiweka beseni la kumtosha kuku linakifunika, huoni kitu. Mimi naweka kibakuli kigumu kimegeuzwa juu ya sahani ya mizani alafu beseni juu yake, linainuka, naona. Pili inajizima yenyewe baada ya dakika mbili kama namba haijabadilika, na ikijizima inasahau ile sifuri, kwahiyo kama kuku amekutoroka ukamkimbiza banda zima ukirudi unaanza upya. Tatu haina kitufe cha kushikilia namba, kuku akitikisika na yenyewe inatikisika, napiga picha kwa simu alafu nasoma picha. Nne vumbi la manyoya linaingia kwenye vitufe, na haipendi maji, nafuta na kitambaa kikavu. Betri zikianza kuisha inasoma namba za ajabu kabla haijakuonya, asubuhi moja iliniambia Mkasi kapoteza gramu 200 kwa usiku mmoja, nilitetemeka. Sasa kila Jumatatu naweka pakiti ya chumvi ya gramu 500 ambayo haijafunguliwa juu yake kwanza, ikisoma sawasawa na Jumatatu iliyopita ndo naamini.

Na kuna namba moja kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Nilikaa na daktari wa mifugo tukazungumza wazi, kwamba kuku huyu hatakiwi kuishi akiwa na njaa ili mimi nijisikie vizuri. Tukaweka gramu 1,050. Akishuka chini ya hapo na akakaa hapo wiki nzima pamoja na chakula kilicholowa, pamoja na mdomo kupunguzwa, pamoja na wadudu kutolewa, tutamwacha aende kwa sindano, bila maumivu. Niliiandika siku alipokuwa na nguvu, mchana, akili yangu ikiwa imetulia, maana najua siku ikifika nitatafuta kila sababu ya kusubiri. Karibu zaidi alipoifikia ni 1,096, wiki ile ya manyoya kupukutika. Leo asubuhi 1,585.

Kwahiyo ukienda kununua chukua yenye kioo kilichotengwa na sahani kwa waya, hizo zipo na ndo nitakayochukua hii ikifa, isome gramu mojamoja, ifike kilo 5 ili ibebe na jogoo, sahani iwe pana, na nunua betri za akiba sikuhiyohiyo.